Stelingi Hafi, Lakini Moyo Unadunda

Swali: Mimi ni mpenzi wa filamu tangu utotoni, hasa za taharuki na za mapigano. Siku hizi najishangaa. Naweza kuweka filamu iliyogharimu dola milioni 200, magari yanaruka, majengo yanaporomoka, nami nimeshika simu nasoma ujumbe. Halafu naangalia filamu ndogo, watu wawili wamesimama tu wanazungumza, na roho inataka kunitoka. Rafiki yangu anasema taharuki ni kutojua kitakachotokea, na kwenye filamu kubwa kila mtu anajua stelingi hafi, kwa hiyo lazima zichoshe. Je, ni kweli? Au mimi ndiye nimezichoka filamu za mapigano? Na kama nzuri bado zipo, nianze na zipi?

Jibu: Hujazichoka. Na rafiki yako, pamoja na kwamba anachosema kinasemwa na wengi, amelipindua jambo hili juu chini.

Kutojua huleta mshtuko. Taharuki huletwa na kujua. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alilieleza hili mwaka 1962 alipohojiwa kwa siku kadhaa na François Truffaut, mwongozaji wa Ufaransa, katika mazungumzo yaliyotoka kama kitabu mwaka 1966. Mfano wake umeshasimuliwa mara nyingi: watu wamekaa mezani wanapiga soga, na chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila sisi kujua, tunashtuka kwa sekunde 15. Tukioneshwa bomu mapema, na saa ukutani tukaiona, soga ileile isiyo na maana inatubana kwa dakika 15, tunatamani kuwapigia kelele waache porojo waangalie chini ya meza. Kinachosahaulika kwenye mfano huo ni kwamba hausemi kama watu wale watakufa au watapona. 

Sasa nikupe ushahidi mzito zaidi dhidi ya rafiki yako. The Day of the Jackal ni filamu ya Fred Zinnemann ya mwaka 1973. Muuaji wa kukodiwa anatumwa kumuua Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa. Filamu ilipotoka, dunia nzima ilijua kwamba de Gaulle alifia nyumbani kwake Novemba 1970, wala si kwa risasi ya mtu. Yaani mtazamaji alikata tiketi akiwa na jibu mfukoni. Na bado filamu ile inambana kwa zaidi ya saa mbili.

Inambana kwa sababu inatuonesha kazi inavyofanyika. Muuaji, anayeigizwa na Edward Fox, anatengeneza pasipoti bandia kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Anaagiza bunduki inayofunguka vipande vipande. Kisha linakuja tukio ninalolirudia kila nikipata nafasi: yuko peke yake nje ya mji, ananing'iniza tikiti mtini, kadiri ya kichwa cha mtu, anarudi mbali na kulenga. Anapiga, anarekebisha darubini ya bunduki, anapiga tena. Risasi hizi zinatoboa tu. Halafu anaweka risasi ya kulipuka, anavuta pumzi, na tikiti halipo tena. Hakuna aliyesema neno, na hakuna haja. Kuanzia hapo, kila bunduki ile inapovushwa mpaka wa nchi tunajua itakachofanya. Hatujiulizi tena kama de Gaulle atakufa. Tunajiuliza huyu mtu atapitaje pale, na yule mpelelezi mpole wa Paris atamfikia lini. Tena kuna jambo la ajabu kidogo: ikifika katikati utajikuta unamhofia muuaji mwenyewe asikamatwe, kwa sababu umeijua kazi yake hatua kwa hatua na akili inataka kuiona ikikamilika.

Kwa hiyo "stelingi hafi" haijawahi kuua taharuki. Mtu anayeogopa ndani ya filamu nzuri anaogopa kitu kidogo kilicho mbele ya macho yake: mlango huu, waya huu, sentensi inayofuata.

Umetaja watu wawili wanaozungumza, na nina hakika unalijua tukio la kituo cha mafuta katika No Country for Old Men ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, ya mwaka 2007. Kama hulijui, litafute leo. Mzee wa kituo anamwambia mteja maneno ya kawaida ya muuza duka, anaulizia mvua huko alikotoka. Mteja ni Anton Chigurh, anayeigizwa na Javier Bardem. Sisi tumeshamwona akimnyonga askari kwa mnyororo wa pingu zilezile alizofungwa, na tumemwona akimuua dereva barabarani kwa chombo cha kuangushia ng'ombe machinjioni. Mzee hajui lolote kati ya hayo. Anajua tu kwamba mteja huyu ana maswali ya ajabu: analala saa ngapi, kituo hiki amekipataje. Chigurh anamaliza korosho zake, anaifinyanga pakiti, anaiweka juu ya kaunta, na kamera inabaki kuitazama ile pakiti ikijikunjua polepole, inakwaruza. Hakuna panda wala fidla za kutuambia tuogope. Kisha inatoka sarafu ya mwaka 1958, na mzee anaambiwa achague upande. Anauliza, kwa haki kabisa, anashindania nini. Ile pakiti tu ikijikunjua inanibana kuliko miji mizima inayobomolewa kwa kompyuta.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotoka hapo wakahitimisha kwamba mapigano ni ya watoto na taharuki ni ya watu wazima. Mapigano mazuri ni taharuki inayokimbia. Yanahitaji vilevile mtazamaji ajue mambo kabla hayajaanza: tuko wapi, nini kinaruhusiwa, na kukosea kutamgharimu mtu nini. Mtu asiyejua sheria ya kuotea anaweza kukaa dakika 90 akitazama wanaume wakikimbia, na bao likikataliwa haoni kwa nini uwanja umelipuka. Filamu nyingi kubwa za siku hizi zinatuketisha kwenye mechi ya namna hiyo.

Speed ya mwaka 1994 inaitoa sheria yake kwa sentensi moja: basi likizidi maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, bomu linawashwa, likishuka chini ya hapo, linalipuka. Kuanzia sentensi hiyo, foleni ni hatari, kona ni hatari, mama anayevuka barabara na kigari cha mtoto ni hatari. Mtazamaji anaanza kuitazama ile mishale ya spidi kuliko anavyomtazama Keanu Reeves.

Tukio ambalo watu wanalikumbuka zaidi katika Mission: Impossible ya kwanza, ya mwaka 1996, nalo halina risasi hata moja. Mwongozaji Brian De Palma anamshusha Tom Cruise kwa kamba ndani ya chumba cheupe cha kompyuta. Kabla hajashuka tumeelezwa kinga tatu za chumba: sauti ikizidi, king'ora, joto likipanda, king'ora, kitu chenye uzito kikigusa sakafu, king'ora. Basi. Kinachofuata ni mtu anayening'inia akijaribu kutopumua kwa nguvu, na mwenzake juu kwenye bomba la hewa ameshika kamba huku panya anamsogelea. Kisha tone la jasho linatelemka kwenye kioo cha miwani. Tone la jasho! Filamu yenye helikopta na treni ya kasi ndani yake, na kinachoshika koo la ukumbi mzima ni tone moja, kwa kuwa tumeshaambiwa likianguka nini kitatokea.

Nikija kwenye Die Hard ya mwaka 1988 naomba uniruhusu nikae kidogo, maana naiona kuwa shule ya kazi hii. Mwanzoni kabisa, ndani ya ndege, abiria mmoja anampa stelingi, polisi John McClane, ushauri wa kuondoa uchovu wa safari: ukifika, vua viatu na soksi, tembea juu ya zulia huku unakunja vidole. Ni maneno ya kupitisha muda, mtu anaweza kuyasahau palepale. McClane anafika kwenye jengo alimo mkewe, anaingia bafuni, anajaribu, anaona kweli inasaidia. Majambazi wanavamia akiwa peku. Mwongozaji John McTiernan hatuachi tusahau miguu ile. McClane anamuua jambazi wa kwanza na kujaribu viatu vyake, vidogo. Anapita kwenye ghorofa ambazo ujenzi haujaisha, juu ya vyuma na mabomba, peku. Halafu kiongozi wa majambazi Hans Gruber, yaani Alan Rickman, anakutana naye ana kwa ana, na jicho lake linashuka hadi miguuni. Sisi tunaliona jicho lile. Mapigano yanapoanza ofisini, Hans anaangalia kuta za vioo na kuwaamuru watu wake wapige vioo. Hakuna anayehitaji kutufafanulia, tumeshaukunja uso kwa maumivu kabla McClane hajapiga hatua. Baadaye yuko bafuni peke yake, ananyofoa vipande kwenye nyayo zinazovuja damu, na sauti yake kwenye redio imekuwa ya mtu anayeaga.

Huyo ni stelingi wa filamu kubwa ya Hollywood, na kila aliyekwenda kuiona alijua hafi. Lakini kila alichofanya kilimgharimu kitu ambacho hakurudishiwa, na fulana yake nyeupe iliyogeuka nyeusi kwa uchafu inatuwekea hesabu.

Linganisha na zile zinazokutia kwenye simu. Stelingi anarushwa ukutani, ukuta unavunjika, anasimama anajipangusa vumbi. Mpaka wa nguvu zake hatujaambiwa, na hata tukiambiwa unasogezwa pale hadithi inapokwama. Maadui ni mamia, wote hawana sura. Uwanja wa vita ni giza lenye moshi ambamo huwezi kusema nani yuko upande gani wa nani. Sababu za hali hii ni za kikazi zaidi kuliko za kisanaa. Sehemu kubwa ya mapigano ya namna hii huchorwa kwenye kompyuta miezi mingi kabla ya siku ya kupiga picha, mara nyingine hati ikiwa bado inaandikwa, na wanaoyapiga picha mara nyingi ni kikosi cha pili, wakati mwongozaji yuko kwingine na waigizaji. Ndiyo maana unaweza kuyanyofoa mapigano hayo usiguse hadithi. Ongeza na alama ya umri, PG-13, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984. Filamu ya gharama kubwa inaihitaji ili vijana waingie, na njia nyepesi ya kuipata ni kuua watu mia bila damu. Mwili usioumia hauwezi kumtia mtu hofu. Hili linaniuma, kwa sababu vipaji vilivyomo kwenye filamu hizo, wachoraji, watu wa vifaa, wanaoruka na kuanguka kwa niaba ya nyota, ni vya hali ya juu mno kuishia kuwa kelele.

Watu wengi wanalaumu mikato ya haraka, yaani picha moja kukatwa na kuruka kwenye nyingine kila mara. Mimi sikubali kirahisi. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015 ina mikato karibu 2,700 ndani ya saa mbili, na hakuna dakika utakayopotea. Mwongozaji George Miller aliwaagiza wapiga picha wake kitu kimoja: kile mtazamaji anachotakiwa kukiona kiwekwe katikati ya fremu, kila shoti. Jicho halitafuti. Shoti inakatwa, na pua ya mtu, bunduki, gurudumu, vyote vinatokea palepale jicho lilipokuwa limetulia. Mhariri Margaret Sixel alichambua takriban saa 480 za picha zilizopigwa, nyingi kwenye jangwa la Namibia, na akapata Oscar yake kwa haki. Na ramani ya filamu ile ni rahisi kuliko zote: wanakwenda, halafu wanarudi kwa barabara ileile. Unajua muda wote nani yuko mbele na nani anafukuza.

Hata The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007, ambayo kamera yake ya kutikisika imelaumiwa kwa kila wizi uliofanywa baadaye kwa jina lake, naitetea. Tazama tukio la stesheni ya Waterloo jijini London. Jasusi Bourne anamwongoza mwandishi wa habari kwa simu katikati ya umati: simama, inama ufunge kamba za kiatu, sasa nenda ukutani. Sisi tunajua kamera za ulinzi ziko wapi na mdunguaji anajiandaa wapi. Mwandishi anajua sauti moja tu sikioni. Anapoingiwa na woga na kuacha kusikiliza, tunajua kabla yake. Mwongozaji Paul Greengrass alitikisa kamera baada ya kutupa ramani. Walioiga walichukua mtikisiko, ramani wakaiacha.

Kwa anayependa kinyume chake, shoti ndefu ambamo mwili mzima wa mpiganaji unaonekana, The Raid ya Indonesia ya mwaka 2011 haijapata mpinzani kirahisi: jengo moja, ghorofa moja baada ya nyingine, na pencak silat, sanaa ya mapigano ya huko, isiyofichwa na mkato wowote wa ujanja.

Kuhusu sauti nitasema moja tu. Kwenye Bullitt ya mwaka 1968, muziki wa Lalo Schifrin unapanda wakati magari mawili yanaviziana mitaani San Francisco. Mara tu kufukuzana kunapoanza, muziki unakatwa. Dakika zote zinazobaki ni injini na matairi. Ukiona filamu inapiga ngoma na tarumbeta mfululizo juu ya mapigano yake, jiulize mapigano yenyewe yanaficha nini.

Umeuliza uanze na zipi. Nakupa chache, kwa mpangilio. Anza na Die Hard hata kama umeshaiona, ukifuatilia miguu tu. Halafu The Day of the Jackal, ikiwezekana pamoja na huyo rafiki yako, kisha muulize alikuwa anaogopa nini. Kisha Rififi ya Jules Dassin, ya mwaka 1955, ambayo ina wizi wa karibu nusu saa bila mazungumzo wala muziki, majambazi wanatoboa dari huku wakikinga kifusi kwa mwavuli.

Na mwisho uje kwenye ile ninayoipenda kuliko zote nilizozitaja: Le Salaire de la peur, ya Henri-Georges Clouzot, mwaka 1953, inayojulikana kwa Kiingereza kama The Wages of Fear. Wanaume wanne, malori mawili, shehena ya nitrogliserini, barabara mbovu ya milimani. Kisima cha mafuta kinawaka moto na kampuni inataka kukizima kwa mlipuko. Malipo ni makubwa kwa kuwa haitarajiwi wote wafike. Mtikisiko mmoja unatosha. Kuna kipande cha barabara chenye matuta madogo madogo ambacho lazima ukipite ama taratibu kabisa ama kwa kasi kubwa, na lori moja linachagua hivi, lingine linachagua vile, yote mawili yakiwa kwenye njia moja. Hapo ndipo utaona mapigano na taharuki vikiwa kitu kimoja.

Nikutahadharishe bila kukuharibia: ukifika kwenye tukio ambalo mmoja wao anasokota sigara, usiangalie pembeni. Angalia tumbaku kwenye karatasi.

Karibu saa yote ya kwanza hakuna lori linaloondoka. Wanaume wanakaa kijijini kwenye joto, hawana kazi, hawana nauli ya kuondoka, wanagombana. Watu wengi huiacha filamu hapo, na ni hasara, kwa kuwa saa ile ndiyo inayotuambia kwa nini mtu mwenye akili timamu angepanda lori la namna ile. Pia angalia unapata nakala ipi. Filamu ilipopelekwa Marekani ilikatwa sana, kwa sehemu kwa sababu ya jinsi inavyoionesha kampuni ya mafuta, na nakala zilizokatwa zilizunguka kwa miaka mingi. Nakala kamili ina karibu saa mbili na nusu. Ukipata ya chini ya saa mbili, irudishe utafute nyingine.